Mbwa wa kwanza alikufa siku ya tisa, sasa wa pili anakuja: tusikosee wapi?

Dada mmoja wa Tegeta kaniandikia, nafupisha: "Daktari, mwezi wa sita tuliokota kambwa barabarani, ka miezi mitatu hivi. Siku hiyohiyo tukakaogesha na dawa ya kupe ya ng'ombe aliyotupa jirani, watoto wakakapa pilau, kakawa kanacheza vizuri tu. Siku ya tano kakaanza kutapika na kuhara damu, siku ya tisa kakafa. Wanangu wana miaka 4 na 9, walilia sana. Sasa imepita miezi minne, kuna mama anaokoa mbwa wa mitaani ana jike la mwaka mmoja hivi, kasema tukamchukue baada ya wiki mbili. Mume wangu anataka awe mlinzi mkali. Majirani wengi ni Waislamu. Tulikosea wapi na safari hii tuepuke nini? Halafu watoto wanataka wamwite Simba kama yule wa kwanza, inafaa?"

Dada yangu pole sana, na pole kwa watoto. Nianze na huyo aliyekufa kwasababu bila kujua kilichomuua yeye, huyu wa pili unamleta kwenye shimo lilelile.

Mimi sikumuona, lakini mbwa wa miezi mitatu, hana chanjo, anatapika alafu anahara damu yenye ile harufu mbaya ambayo ukishainusa mara moja huisahau, ndani ya siku nne anaondoka, hapo mimi nafikiria pavo, ule ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kabla ya kitu kingine chochote. Pavo toka iingie mwilini mpaka dalili zionekane ni kama siku tatu mpaka saba, wengine mpaka wiki mbili, kwahiyo uwezekano mkubwa alikuja nayo kutoka huko barabarani. Hamkumuua nyie kwa pilau. Ila na nyie hamkumsaidia, tusidanganyane. Kumuogesha siku ya kwanza mtoto mwenye njaa na hofu unamshusha joto na kinga, na ile dawa ya ng'ombe mtu kapima kwa kifuniko cha soda kwa macho tu, kwa mnyama wa kilo tatu hiyo inaweza kuwa sumu kamili, anajilamba, anatoka mate, anatetemeka, analegea. Na pilau ina vitunguu na mafuta, tumbo lililozoea jalala halihitaji sherehe siku ya kwanza.

Sasa jambo ambalo watu karibu wote hawalijui: kirusi cha pavo hakifi na mbwa. Kinabaki kwenye udongo wa uani, kwenye banda, kwenye bakuli, kwenye lile tambara alilolalia, na penye kivuli na unyevu kinaweza kukaa miezi mingi hata mwaka. Nimeona nyumba wanazika mbwa wa tatu wanasema wamerogwa, kumbe banda ni lilelile na kila mara wanaleta mtoto wa wiki nane asiye na chanjo. Kwahiyo kabla huyu mbwa mpya hajafika, tambara choma, bakuli la plastiki lililochubuka tupa, sakafu ya saruji sugua kwanza kwa sabuni iondoke taka yote alafu mwagia Jik, kipimo kimoja kwa vipimo ishirini vya maji, iache dakika kumi ndo usuuze. Dettol peke yake kwa pavo ni manukato tu. Udongo huwezi kuupiga Jik ukaisha, hapo punguza kivuli, fyeka, acha jua la Dar lifanye kazi yake.

Habari njema ni kwamba mnaletewa mbwa mkubwa. Hapa mmebahatika kuliko mnavyojua, maana watu wote wanataka katoto kazuri na ndo katoto kanakufa. Lakini usikubali neno "amechanjwa" likaishia hapo. Hili neno limeua mbwa wengi. Mtu anakwambia amechanjwa, anamaanisha ile chanjo ya kichaa cha mbwa ya kampeni ya halmashauri, ambayo ni muhimu kweli lakini haizuii pavo wala distempa (kirusi kingine kinachoua mbwa) hata kidogo. Omba kadi, iangalie mwenyewe. Iwe na stika zilizobanduliwa kwenye chupa za chanjo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Ya kichaa iwe moja na ya mchanganyiko iwe nyingine, kwenye stika yake utaona herufi kama DHPP. Kama ya mchanganyiko haipo, basi mwambie huyo mama amchanje sasa hivi akiwa bado kwake na nyie msogeze tarehe, dozi ya kwanza, alafu ya pili baada ya wiki mbili mpaka nne, na mkae wiki mbili nyingine baada ya ya mwisho. Najua watoto wamehesabu siku. Waambie daktari kasema.

Na mwambie akupimie mambo mengine mawili kabla hujabeba mbwa. La kwanza mimba. Jike la mwaka mmoja lililokuwa mtaani, mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, watu wanachukua mbwa mmoja wanajikuta wiki ya sita wana saba. Kama hajafungwa kizazi mfanyieni upasuaji, ni kitu cha kawaida sana kwa daktari anayejua, kidonda kinapona kama siku kumi mpaka kumi na nne. Tafadhali msikubali sindano za kuzuia mimba zinazouzwa kwa bei rahisi na kila anayejiita daktari, nimefungua matumbo ya majike yaliyopigwa hizo sindano kizazi kimejaa usaha kama puto.

La pili naomba usione aibu kulisoma. Jike anayetoka mtaani akawa anadondosha damu kidogo kidogo sehemu za siri wiki baada ya wiki, watu wanasema yuko kwenye joto. Joto halikai mwezi na nusu. Hapo mara nyingi ni uvimbe wa kuambukiza, ile kansa ya mbwa inayohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakipandana, ukimfungua unakuta kitu kama koliflawa. Inatisha kwa macho lakini ni moja ya kansa chache ninazozipenda kuzitibu maana inasikia dawa, sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, wiki nne mpaka sita wengi wanapona kabisa. Binadamu haambukizwi. Wanaokufa ni wale ambao wenye mbwa waliona aibu kuuliza.

Kupe sasa. Usirudie ile dawa ya ng'ombe, mpimeni kilo alafu daktari awape dawa inayolingana na hizo kilo, ya kudondosha mgongoni au ya kidonge. Kupe wa mbwa wa huku kwetu ana tabia mbaya moja, wengi wao hawapo kwenye mbwa, wapo kwenye nyufa za ukuta na za banda wanasubiri, kwahiyo ukitibu mbwa ukaacha nyufa umejichosha bure, ziba na plasta. Akiwa na fizi nyeupe, akatoka damu puani, akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, hiyo ni homa ya kupe, usisubiri Jumatatu. Dawa ya minyoo mpeni mwanzoni alafu kila miezi mitatu, hasa nyie wenye mtoto wa miaka minne anayekula mchanga (wote wanakula, hata wa kwangu alikula).

Haya mbwa ni mzima, kadi ipo, mnakwenda kumchukua. Hapa ndo naona makosa ya upendo, na haya ni magumu kuyazuia kuliko ya uzembe. Familia nzima inakwenda, mnapanda bajaji watu watano na mbwa, mnapita kwa shangazi kumuonyesha, mnapita dukani, mkifika nyumbani watoto wa mtaa wote wako getini, kila mtu anamshika kichwa, anaogeshwa, anapewa nyama, anapigwa picha. Huyo mbwa siku hiyo amepotezewa kila harufu anayoijua. Nendeni wawili. Asile masaa machache kabla ya safari maana atatapika. Muombe yule mama kipande cha tambara analolalia, bila kufua, hilo tambara ndo nyumba yake kwa wiki ya kwanza. Mkifika mpeleke moja kwa moja sehemu atakayojisaidia, asubiriwe mpaka ajisaidie, alafu kwenye kona yake yenye kivuli na maji, mumuache. Ndiyo, mumuache. Kaeni karibu, ongeeni mambo yenu, yeye mwenyewe atakuja kunusa miguu.

Sisi tunaofanya kazi na mbwa wa kuokolewa tuna hesabu ya tatu tatu tatu. Siku tatu za kwanza anakuwa kama mtu aliyeamkia nchi ya ugenini, halali, anaweza asile, wengine hawajisaidii hata siku nzima. Wiki tatu anaanza kujua ratiba, nani anatoa chakula, gari la nani linarudi saa ngapi, na hapo ndo tabia zake halisi zinatoka, anaanza kutafuna viatu, anaanza kubweka, watu wananipigia simu "daktari kabadilika", hajabadilika, ndo kafika. Miezi mitatu ndo anaanza kujua kwamba hapa ni kwao. Hizi siyo tarehe za benki, wengine wanachukua mwaka, ila zinasaidia mtu asimrudishe mbwa wiki ya nne kwa hasira.

Wiki mbili za kwanza ndo wanapotea wengi. Mbwa koko wetu ana shingo nene karibu sawa na kichwa, kola ya kawaida akirudi kinyumenyume inavuka masikio, huyo kaenda, na hajui kurudi maana hajui bado kwake ni wapi. Nunua hanesi ya kifuani, kamba ifungwe hapo, na kola avae pia yenye namba yako ya simu iliyoandikwa kwa kitu kisichofutika. Kola ibane kiasi vidole viwili vipite. Ongea na dada wa kazi na yule kijana wa maji kuhusu geti, kwasababu nyie mtakuwa makini alafu geti litaachwa wazi na mtu ambaye hakuna aliyemwambia.

Chakula usibadilishe ghafla, uliza alikuwa anakula nini endelea nacho wiki moja ndo uchanganye cha kwako taratibu. Kama ni mbwa aliyekonda mbavu zinahesabika usimjaze, mpe kidogo kidogo mara nne tano kwa siku, mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa karamu madini kwenye damu yanaporomoka na moyo unaweza kusimama, yani anakufa ameshiba. Ugali wa dona na dagaa ni chakula kizuri tu cha kuanzia, msione aibu na msidanganywe lazima mnunue mifuko ya kutoka nje, ila dagaa waoshwe mchanga na chumvi itoke, na nyama au yai lipatikane mara kwa mara. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama vijiti. Vitunguu, chokoleti, zabibu na bigijii zisizo na sukari hapana. Na naomba nisisitize unga. Watu wanachukua dona lililoota ukungu wanasema "hili la mbwa". Sumukuvu, yani sumu ya huo ukungu, ilipoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kila mtu alishtuka, lakini ini la mbwa nalo linaharibika na sumu hiyohiyo, nimezika mbwa wa ulinzi wanne wa boma moja kwa mfuko mmoja wa pumba. Unga ambao usingempa mwanao usimpe mbwa.

Shemeji naomba asome hapa mwenyewe. Shemeji, najua umeambiwa mbwa apewe pilipili, afungiwe kwenye banda la giza mchana kutwa asione watu, apigwe kidogo, ndo anakuwa mkali. Pilipili inamuunguza mdomo na tumbo, basi. Giza na kipigo vinampa woga, na mbwa muoga anang'ata kweli, lakini anang'ata kile kilicho karibu, na kilicho karibu na banda lako kila siku siyo mwizi, ni mwanao wa miaka minne anayefuata mpira. Mbwa akifungwa mnyororo kutwa nzima ni hivohivo, kila anayepita anakuwa adui na yeye hana pa kukimbilia. Hawa mbwa wetu ni walinzi wazuri mno kwa asili yao, masikio yapo, usingizi mwepesi, hawaamini mgeni. Unachotakiwa ni yeye aone hapo ni kwake. Alale mchana, ale saa zilezile, azunguke uwanja wote usiku, na siku moja kwenye mwezi wa pili hivi utasikia sauti nzito saa nane usiku ambayo hukujua anayo. Wezi wengi wanachotaka ni nyumba ambayo haiamki. Hutaki zaidi ya hapo, nakuhakikishia, mbwa anayeng'ata mtu ni kesi, hospitali, na majirani kukuchukia. Tena kumtesa mnyama Tanzania ni kosa kisheria, tuna sheria ya ustawi wa wanyama toka 2008.

Watoto: asiguswe akila, asiguswe akilala, asikumbatiwe shingoni. Watoto wanapenda kukumbatia na mbwa wengi wanavumilia tu, ukiangalia vizuri utaona anageuza uso, analamba midomo hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa macho unaonekana pembeni. Hizo ni lugha za "naomba uondoke". Akinguruma msimchape, kunguruma ni onyo, ukimchapa kwa onyo kesho ataruka onyo na kwenda kwenye meno moja kwa moja. Na ule mchezo wa kumnyang'anya bakuli katikati ya kula "ajue bosi ni nani" uacheni kabisa, huyu mbwa amewahi kugombania mkate na mbwa kumi. Fanyeni kinyume, mtoto wa miaka tisa apite mbali kidogo arushe kipande cha dagaa kwenye bakuli, aendelee na safari. Baada ya wiki mbwa akiona binadamu anakuja wakati anakula atafurahi. Mdogo asiachwe naye peke yake hata dakika ya kujibu simu.

Na kama atamng'ata au kumkwaruza mtu, hata kidogo, hata kama ana kadi: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kwa saa, siyo pilipili, siyo mafuta ya taa, siyo kitunguu, alafu hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna kurudi, kabla ya hapo chanjo inaokoa. Na mbwa msimuue. Afungiwe salama aangaliwe siku kumi, akimaliza siku kumi akiwa mzima tunajua wakati anang'ata mate yake hayakuwa na kirusi, mkimuua mtaani tumepoteza jibu. Usisahau pia kwamba mbwa aliyeng'atwa mtaani anaweza kubeba kichaa wiki hata miezi bila dalili, kwahiyo muulize yule mama amekaa naye muda gani na kama alikuwa na majeraha. Chanjo irudiwe kila mwaka, tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na halmashauri nyingi huwa zinachanja kuzunguka siku hizo, fuatilia kwa afisa mifugo wa kata.

Majirani. Mimi mwenyewe ni Muislamu wa Tanga na kutwa nashika mbwa, kwahiyo nikwambie kwa amani. Kwa sisi wengi wa pwani tunaofuata Imamu Shafi mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo, na mtu aliyevaa kanzu anakwenda msikitini akiguswa na pua mbichi umemharibia safari. Siyo chuki, ni twahara. Mbwa wa ulinzi kumfuga inaruhusiwa na majirani wanajua hilo. Nenda kawaambie kabla hajafika, usisubiri wamuone. Usimtembeze saa za swala wala Ijumaa mchana, kamba iwe fupi ukipita barazani, kinyesi okota. Nyumba kama ni ya kupanga mwenye nyumba naye aambiwe leo, siyo mbwa ameshazoea ndo mnaambiwa chagueni.

Jina sasa. Jina lake la zamani kama analo mnaweza kulibadilisha bila shida, mnamuita jipya mnampa dagaa, mara kumi kwa siku, ndani ya wiki anageuka. Msilitumie kumkaripia mwanzoni. Simba ni jina zuri, fupi, lina silabi mbili, mbwa analikamata haraka, na yeye hajui kuna mwingine aliyelitumia. Wasiwasi wangu ni kwa watoto, huyo wa miaka minne anaweza kudhani ni yuleyule kapona, kwahiyo mwambieni wazi yule alikufa, huyu ni mwingine, ni dada. Na muulizeni shemeji anashabikia timu gani, maana kama ni wa Yanga kila jioni atasimama getini anaita Simba Simba njoo ule, mtaa mzima wa Tegeta unamsikia.